Kucha za Baba Awuor na Shuka Ulizonipa

Laini ya Chini,
Shamba la chai, upande wa Litein,
Kericho.
Jumapili, Agosti 1996

Kwa dada yangu Mama Achieng,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu wote wa hapo nyumbani, hata wale watakaokuwa shambani siku barua hii itakapofika. Kifua chako kimepona? Na magoti ya mama, bado yanamsumbua asubuhi? Sisi huku hatujambo. Mvua inaingia kila siku saa nane kama mtu aliyeajiriwa, na majani yanaota haraka kuliko mikono yetu. Awuor yuko darasa la kwanza sasa na anajua kuandika jina lake, ila anaandika pia ukutani.

Dada, katika barua zako mbili umeniuliza kama zile shuka zako bado nazitandika. Mimi nikakujibu habari za mvua na za kanisa, nikaruka hapo. Leo sitaruka. Zile shuka ulizonidarizia mwenyewe, zenye maua mekundu pembeni, zilipasuka. Zote mbili. Naweza kukwambia sasa kwa sababu mambo yameisha vizuri, na mimi ndiye niliyeyamaliza.

Unajua Baba Awuor anafanya kazi kiwandani, upande wa boila, kubeba kuni. Kutwa nzima yuko ndani ya gambuti, vile viatu virefu vya mpira, zenye maji, na kucha zake za miguu zimekuwa nene na ngumu kama pembe. Zamani alikuwa anazikata kila Jumapili kabla ya kanisa. Mwaka huu, tangu mwezi wa pili, akaacha. Sikujua kwa nini. Niliona tu asubuhi moja, nikitandika kitanda, shuka ya kwanza imechanika upande wa miguu, urefu wa mkono wangu. Nikashona. Baada ya wiki mbili ikapasuka kando ya pale niliposhona. Halafu ya pili. Halafu, dada, nikainua shuka nikakuta godoro lenyewe limechimbwa mashimo mawili, sponji imetoka nje kama mahindi ya kukaanga.

Hilo godoro ndilo la kwanza maishani mwangu. Miaka minne tulilalia nyasi ndani ya gunia. Siku tuliyolitoa Litein lilikuja juu ya trekta ya majani, na wanawake wote wa nyumba za laini yetu wakatoka kuliangalia likishushwa. Sasa lilikuwa linaisha kwa vidole vya mtu.

Nikamwambia, "Baba Awuor, kata kucha."

"Kesho."

Kesho yake nikamwambia tena. Akasema amechoka. Nikaweka wembe mpya juu ya kiti chake, akauhamisha akakaa. Nilipozidi kusema akaniambia, "Wewe unaongea sana. Mimi ni mtoto mchanga wa kuangaliwa kucha?" Na alisema kwa hasira ambayo si yake. Unamjua shemeji yako, ni mtu wa kunyamaza na kucheka chini chini. Mimi pia nikakasirika. Tukakaa wiki nzima tukiongea kwa kupitia mtoto: Awuor, mwambie baba chakula kiko tayari.

Basi nikaamua kama kucha zake hazitakatwa, nitalilinda godoro langu. Nilianza na soksi, zile ndefu za mpira wa miguu, nikimvalisha gizani akishapata usingizi. Kucha zilitoboa soksi siku ya tatu. Nikageuza godoro, upande wa kichwa ukawa wa miguu, na baada ya mwezi likawa na mashimo pande zote mbili. Nikatandika karatasi ya nailoni chini ya shuka. Ilikuwa inalia kila mtu akijigeuza, na Baba Awuor akasema ni kama kulala dukani. Jirani yangu Mama Cherono, yule Mkipsigis ninayechuna naye mstari mmoja, akanipa ngozi ya mbuzi. Ngozi ilikuwa nzuri, lakini iliteleza, na ilikuwa bado inanuka mbuzi.

Mwishowe nikapata turubai. Lilikuwa limefunika kuni, likachakaa, wakalitupa nyuma ya kiwanda, nikaomba nikapewa. Nikalifua mara tatu mtoni. Nikakata, nikashona kitu kama foronya kubwa, nikalivalisha godoro upande wa miguu mpaka kwenye magoti, na juu yake nikashona kitambaa laini cha blanketi kuukuu ili turubai lisimkwaruze mtu. Nikafunga kamba chini isitoke. Dada, hiyo ilishika. Mwezi mzima, hakuna hata uzi mmoja uliotoka kwenye godoro. Nilifurahi, nikamwonyesha Mama Cherono, naye akaniuliza swali moja tu: "Na shuka je? Na yeye mwenyewe je? Mbona siku hizi anatembea kama anakanyaga miiba?"

Hapo ndipo nilipoanza kumwangalia Baba Awuor, si kitanda.

Jumamosi moja mchana nilirudi mapema, mizani ya kupimia majani ilifungwa kwa sababu ya mvua ya mawe. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa anajiandaa kwenda zamu ya jioni, na nilimwona amelala chali kitandani, mguu mmoja umeinuliwa hewani, anajivalisha gambuti kwa kuivuta kwa kamba aliyoifunga juu yake. Anavuta, anapumzika, anavuta tena, na jasho linamtoka kama yuko mbele ya boila. Hakuwa anaweza kuinama, dada. Mume wangu hakuweza kufikia miguu yake mwenyewe.

Nikaingia. Aliona nimeona. Akageuza uso ukutani.

Nikamuuliza, "Ni tangu lini?"

Akajibu akiwa bado ameelekea ukutani. "Mwezi wa pili. Niliteleza na kuni pale kwenye ngazi. Nikaangukia mgongo."

"Na hukusema?"

"Nikisema, nyapara ataniandika mgonjwa. Akiniandika mgonjwa mara mbili, narudishwa nyumbani. Halafu wewe na mtoto mtalala wapi? Hii nyumba ni ya kazi."

Nilikaa pale kwenye ukingo wa kitanda na gambuti yake mkononi. Nilikumbuka kila neno nililomwambia juu ya kucha, na ule wembe niliomwekea juu ya kiti kama namtukana. Nilitaka kulia lakini nikaona kulia hakutakata kitu.

Nikamwambia, "Leo huendi zamu. Kaa."

Nikachemsha maji, nikatia chumvi ndani ya karai, nikamwekea miguu. Wembe ulivunjika kwenye ukucha wa kwanza. Kisu kikakataa. Ule ukucha wa kidole gumba cha kulia ulikuwa umejikunja ukaingia nyamani, na pembeni pamevimba. Nikatoka mbio mpaka ng'ambo ya mto kwa Mzee arap Koros, anayetuuzia maziwa, kwa sababu nilijua ana koleo la kukatia kwato za ng'ombe. Nilipomweleza, mzee alifikiri kidogo, akachukua koleo dogo, lile la ndama, akalichoma moto, akaliosha kwa spiriti, akafuatana nami.

Baba Awuor alipomwona mlangoni akasema, "Mzee, umekuja kunikata kama ng'ombe?"

Mzee akajibu pole pole, "Ng'ombe wangu akiumwa mguu, anasimama, ananiangalia mpaka nijue. Wewe umejificha miezi mitano. Sasa nani ana akili hapo?"

Nilicheka, na Baba Awuor akacheka pia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko chake tangu mvua za masika. Mzee alitaka kukata yeye. Nikakataa. Nikaweka mguu wa mume wangu juu ya paja langu, mzee akashika taa ya mafuta kwa sababu mvua ilikuwa imeleta giza, na nikakata moja baada ya nyingine. Zilikuwa zinaruka zikigonga bati. Ile iliyoingia nyamani sikuigusa; nilisema hiyo ni ya daktari. Nilipomaliza nilifuta miguu yake na kitambaa, nikaipaka mafuta ya mgando. Alikuwa amefumba macho na mdomo unamtetemeka, nami nikajifanya nasafisha karai.

Jumatatu hatukwenda kazini, tulikwenda zahanati. Daktari alimtoa ule ukucha, akamfunga bendeji, halafu akamgusa mgongo akasema mtu huyu asibebe mzigo tena, akaandika barua. Nilijua nyapara wake akiipokea ile barua itafia mfukoni. Kwa hiyo niliishika mimi mwenyewe, tukaenda moja kwa moja ofisini kwa meneja msaidizi.

Nyapara alikuwa hapo mlangoni. Akasema wanawake wa wafanyakazi hawana shida ya ofisini. Nikamwambia mimi si mwanamke wa mfanyakazi tu, mimi pia ni mfanyakazi, nachuna majani ya hili shamba kila siku ya Mungu, na namba yangu iko kwenye kitabu cha karani. Sauti yangu ilikuwa juu kidogo, nakiri. Meneja msaidizi akasikia akatuita ndani.

Dada, sikuwahi kuingia ofisi ile. Lakini nilisema. Nilisema, "Huyu mtu amebeba kuni za boila miaka saba bila kukosa. Ameanguka kazini. Hajaomba pesa, hajaomba kukaa bure. Anaomba kazi ambayo mgongo wake unaweza. Barua ya daktari ndiyo hii."

Akasoma. Akamuuliza Baba Awuor kama anajua kazi ya kitalu. Na shemeji yako, ambaye nilifikiri hatafungua mdomo, akasema, "Nimezaliwa kwa mkulima, bwana. Mche naujua." Akaandikiwa kitalu siku hiyo hiyo, kukaa kivulini kujaza udongo kwenye mifuko na kupanda vipande vya michai. Nyapara aliambiwa afuate barua ya daktari. Tulipotoka nje alitupisha njia.

Hii ni wiki ya sita sasa. Mgongo umelegea, anainama mpaka magotini. Kitalu chake ndicho kinachoonyeshwa wageni. Ile foronya ya turubai imekuwa habari ya laini nzima: nimeshona kumi na moja, na si za kucha tu, wengine wana watoto wanaoruka kitandani. Na Jumamosi jioni utakuta wanaume wa laini wamekaa kwenye benchi mbele ya nyumba yetu, kila mmoja na karai lake, koleo la Mzee arap Koros likipokezanwa, wanazungumza siasa miguu ikiwa majini. Mwanzo walikuwa wanaona haya. Baba Awuor ndiye aliyewaambia kwamba kuona haya hakujawahi kumponya mtu.

Shuka zako nimezifanyia hivi: nilikata palipo pazima katika zote mbili, nikaunga katikati, maua yako yakabaki pande nne. Sasa ni moja, na iko kitandani ninapoandika.

Jambo la mwisho. Leo asubuhi, kabla ya kanisa, aliniambia nikae kwenye kiti. Nikafikiri anataka kunionyesha kitu. Akaleta maji ya moto, akapiga magoti chini, pole pole, mkono mmoja kwenye meza, akachukua mguu wangu. Nasimama majanini kutoka asubuhi mpaka mizani, miguu yangu si ya kuangaliwa. Alikata kucha zangu zote kumi bila kuniumiza, akitoa ulimi kidogo kama Awuor anapoandika. Kengele ya kanisa ililia mara ya pili na hakuna aliyeinuka.

Nisalimie mama, mwambie magoti ayakande kwa maji ya moto yenye chumvi, asingoje. Nisalimie shemeji yangu fundi wa baiskeli, na mama mdogo anayeimba kwaya, na mjomba mwalimu, mwambie mtoto wangu anaandika. Watoto wako wote wapapase vichwa kwa ajili yangu.

Karatasi imefika ukingoni na chai imechemka. Nabaki wako wa tumbo moja,

Rispa, Mama Awuor