Papa Bwira Iko Muzima

Walikale, siku ya yenga, kisha misa

Mama mupenzi,

Nakusalimia sana, wewe na wote wa kule Lushebere. Mugongo yako inaendelea aje? Na maharagi, mvua haikuyaharibu? Mimi niko muzima, Mungu ananichunga. Joto ya huku tu njo nashindwa kuzoea. Lakini cherehani yangu inatembea, na wamama wa hapa wanapenda kushonesha nguo.

Leo nataka nikuelezee habari ya Papa Bwira, ule muzee anayenipangisha chumba. Alifanya kazi ya barabara tangu ujana, kujaza mashimo na kuzibua mifereji, mpaka miguu ikakataa. Kila mwezi walikuwa wanakata kidogo kwenye mushahara yake kwa ajili ya uzee, njo akapata pansioni. Mwaka jana ikasimama gafula. Kufika biro ya pansioni, wakamwambia: "Papa, kwenye dosiye yetu ulishakufa."

Wakamutuma alete karatasi ya chefu wa kwao Kalembe. Alienda na moto, pikipiki ya kulipa, halafu kwa miguu kwa sababu daraja ilivunjika. Kurudi, wakasema kashe, ule muhuri wa chefu, haionekane vizuri. Siku ingine, mwenye kusaini hayuko. Mama, ule muzee alianza kunyamaza. Hata chakula alikuwa anasukuma. Asubui moja akaniambia: "Neema, labda wako na haki. Labda ni mimi tu njo sijue."

Ile neno ilinichoma. Nikafunga cherehani, nikamushika mukono, tukaenda pamoja.

Tulikaa inje kwenye banc ya mbao, mvua inatupiga magoti. Mama mumoja aliyevaa kikwembe ya kawaida akaja kukaa katikati yetu. Akaanza kuuliza kila mutu: umetoka wapi, umekula, ni mara ya ngapi unakuja? Sisi tulizani naye anafwata dosiye yake. Papa Bwira akamuelezea yote.

Akamuuliza: "Na wakati walikuambia umekufa, Papa, ulijibu nini?"

"Niliomba musamaha."

Ule mama alifunika mudomo na mukono. Halafu akasimama, akatoa funguo kwenye sakoshi, akafungua mulango ya chefu wa biro. Kumbe njo yeye! Mama Solange, chefu mupya, hakukuwa hata amemaliza wiki.

Akatuita ndani, akamupa Papa kiti kabla yeye mwenyewe aikale. Dosiye ikaletwa. Hakuisoma peke yake. Aliigeuza upande wetu, akaweka kidole: Bwira mwingine, jina moja, kijiji moja, njo alikufa. Walifunga dosiye ya muzima. Papa akaanza tena: "Munisamehe, nimewasumbua."

Akamukatiza kwa upole: "Hapana, Papa. Kosa ni yetu. Sisi njo tunakuomba wewe musamaha." Na ajenti wake, ule aliyeleta dosiye, akasimama, akasema vilevile. Mama, sijapata kuona mutu wa biro anasimama mbele ya mutu wa kujaza mashimo.

Karatasi ilipashwa kwenda Goma, na barabara unaijua. Tulingoya sana. Lakini kila mara habari ilipotokea, Mama Solange alikuja mwenyewe mpaka kwetu, viatu mukononi kwa sababu ya matope, ili muzee asipande tena mulima ya kwenda biro bure. Ile banc sasa iko chini ya paa ya manjanja, mvua haiifikie tena, na karatasi zote za kuleta zimeandikwa kwa Kiswahili kwenye mulango. Si kusema yote imenyooka: iko ajenti mumoja angali anajibu watu macho kwenye telefone. Lakini wiki iliyopita pansioni ilirudi. Papa alinyoa ndevu, akavaa koti, akazunguka soko yote akisalimia watu mumoja mumoja, hata wale hawajue.

Sasa ni juu yako, Mama. Baba alifanya kazi kwenye ferme ya ngombe za maziwa mpaka kufa, na yeye walimukata vilevile. Ulienda biro ya Masisi mara moja, wakakuuliza karatasi ya ndoa, ukarudi, ukanyamaza. Nilimuuliza Mama Solange. Anasema mujane iko na haki yake, na kama karatasi iliungua na nyumba, parokia inaweza kutafuta kwenye kitabu yao ya ndoa. Nakuomba uende tena. Si sadaka unaenda kuomba. Ni jasho ya Baba.

Unisalimie shangazi anayetengeneza jibini, na dada mukubwa na mapacha wake. Mushemeji mwalimu umuambie nashona shati yake. Kaka Josué anayeendesha moto, mwambie yeye njo atakupeleka biro. Lakini asikuache kwenye mulango. Aingie na wewe, aikale, na kama wanakuambia "rudi kesho," aulize kwa nini.

Nakukumbatia,
mutoto wako Neema