Baba Mdogo, Nimemwambia

Kwa Mzee Bartolomayo,
Makutupora,
Dodoma.
20 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Gideoni,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Mdogo Ruthu, na kwamba goti lake limepata nafuu. Nasikia baridi ya Songea mwaka huu imekaza. Hapa kwetu ni upepo na vumbi, asubuhi tunatetemeka. Mama hajambo. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu tangu mwanzo wa mwezi hupokei simu yangu. Sikulaumu. Lakini yapo mambo ambayo hayawezi kungoja mpaka hasira yako iishe. Nakuomba usome mpaka mwisho.

Unakumbuka Baba alivyopasuliwa tarehe 27 Machi. Walimtoa kichwa cha kongosho, kipande cha utumbo, nyongo na mrija wake, kisha wakaunganisha upya vilivyobaki. Majibu ya maabara yalipotoka ilikuwa saratani, na tezi mbili za jirani nazo zilikuwa zimeguswa. Siku ile ulisema kwenye simu kwamba Baba aambiwe ulikuwa uvimbe tu na umeshaondolewa. Tukakutii wote. Najua ulikotoa wazo hilo. Wewe ndiye uliyekaa na Babu alipoambiwa ugonjwa wake, akageukia ukutani, na baada ya wiki mbili mkamzika.

Ila hukuwapo kuona uongo wetu ulivyomfanya Baba. Alijiona amepona. Vidonge vya kumsaidia kusaga chakula, ambavyo anapaswa kumeza kila anapokula, akaviacha. Akawa anaharisha mafuta matupu, suruali zikawa zinamvuka. Siku moja mwezi Mei nilimkuta amechuchumaa kati ya mizabibu, mkasi mkononi, hawezi kuinuka. Nikamwomba twende kliniki akaanze dripu. Akacheka.

"Dripu za nini? Si mmesema uvimbe umetoka?"

Nilikwenda kwa daktari peke yangu. Akaniambia hizo dripu za dawa ya saratani zianze kabla ya wiki kumi na mbili tangu upasuaji, na zilikuwa zimebaki tatu. Nikamuuliza lile swali tulilokuwa tunalikwepa sote: Baba ataishi muda gani? Hakunizungusha. Alisema kati ya watu kumi waliopasuliwa kama yeye na wakamaliza dawa, watatu hivi hufika miaka mitano, na wapo wanaopita hapo. Wasiotumia dawa, wanaofika ni wachache zaidi. "Hiyo ni hesabu ya watu wengi," akasema. "Baba yako yumo upande gani, hilo silijui."

Ndipo nilipokupigia, ukanikataza kumwambia Baba, ukakata simu. Baba Mdogo, sijawahi kukuvunjia neno maishani. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilimvunjia neno baba yangu mdogo ili nisimzike baba yangu mzazi kabla ya siku yake. Nilimwambia yote.

Baba alivua kofia akaiweka gotini.

"Nani wanajua?"

Nikamtajia: mimi, Mama, kaka Luka, na wewe.

"Kumbe mgeni katika mwili huu ni mimi peke yangu," akasema, akaingia ndani.

Mama alinifuata jikoni akaniambia nimemuua mume wake. Siku tatu hakuna aliyenisemesha katika nyumba hii. Baba alikula kidogo sana, na kweli alilala ameelekea ukutani. Nilikukumbuka wewe. Nikasema, basi, Baba Mdogo alikuwa sahihi.

Alhamisi asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu. Fimbo haipo, koti la kanisani halipo, simu ameiacha mezani. Nilizunguka shamba lote nikiita. Sitakuficha: nilichungulia hata kisimani.

Alirudi saa tisa alasiri kwa bodaboda, amejaa vumbi mpaka kope. Alikuwa amekwenda mjini kumwona daktari mwenyewe. Alikaa, akaomba uji.

"Watatu kati ya kumi," akasema. "Mlidhani nitaogopa. Naogopa. Lakini leteni hivyo vidonge."

Mama akalia pale pale. Jioni ile akaniita kwa jina langu.

Dripu ya kwanza alipata tarehe 12. Alitapika siku mbili. Jumanne wiki hii homa ikampanda ghafla, tukamkimbiza hospitali; walisema kinga yake imeshuka, wakamlaza na kumchoma sindano. Jana wameturuhusu. Leo amekula ugali kidogo na mlenda, ukakaa tumboni. Zaidi ya hapo sina cha kukuahidi. Miezi sita ya dawa iko mbele, na hata ikiisha salama, kila kipimo tutakiendea tukitetemeka.

Dripu ya pili ni Alhamisi ijayo, tarehe 26, damu ikiwa nzuri. Barua hii naipeleka stendi leo kwa basi la Songea, na nimeomba ufikishiwe mkononi. Baba hajasema neno baya juu yako. Kanituma nikusalimie kwa Kigogo, nikwambie hivi: "Mbukwa, mdogo wangu. Usiulize hali yangu kwa watoto." Basi. Ni hayo tu.

Nisalimie Mama Mdogo Ruthu na watoto wote. Mama anakusalimu, na kaka Luka anakuamkia. Mungu akufungulie njia, na akulainishie moyo kwangu.

Jambo moja nilitaka kulimeza, nimeshindwa. Pale kliniki pembeni ya kitanda kuna kiti kimoja tu cha ndugu wa mgonjwa. Jana Baba ameniambia Alhamisi nisikikalie, kina mwenyewe.

Mwanao ambaye hajaacha kukupenda,
Emiliana