Ulipokuwa Ukiingia Kutoka Kilifi

Marereni, kwenye chumvi
Jumapili

Mdogo wangu Kahonzi,

Pokea salamu wewe na watoto. Natumai kile kikohozi cha mdogo kimemwachia. Mimi mwili ni mzima. Mama huko Jilore bado analalamikia goti, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama mahindi utampalilia wewe.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwa simu ningekata kabla sijafika mwisho. Anakuletea Ngala, dereva wetu wa lori.

Unajua tangu mke wangu Nelly afariki naishi peke yangu hapa nyumba ya pampu, kazi yangu kuangalia ile kompyuta inayoingiza maji ya bahari kwenye mabwawa ya chumvi. Ulipopewa kazi ya kuitunza ukiwa huko Kilifi, ulinifundisha kwa simu: nifungue ile skrini nyeusi ya maandishi, niandike neno moja ili mimi na wewe tuone skrini moja, halafu nisiguse kitu, niangalie tu. Basi skrini ilikuwa inajibana kidogo pembeni ilingane na yako ndogo, nikajua umeingia. Nilikuwa nasogeza kiti, kama mtu aliyepata mwenzake kwenye benchi. Herufi zinaanza kujiandika, unakosea, unafuta, unaandika tena, na mimi huku nakuona unavyofikiri.

Ukimaliza uliniandikia palepale shikamoo kaka, umekula. Kompyuta nayo inadakia na Kizungu chake kwamba hiyo amri haijui. Nikajibu marahaba, nimekula dagaa, ikasema hata hiyo haijui. Ukapiga simu ukasema mashine hii haina adabu, watu wanaamkiana yenyewe inaleta ubishi. Nilicheka mpaka wachota chumvi wakaja mlangoni kuuliza kuna nini. Tangu msiba nilikuwa sijacheka.

Halafu ukaitengeneza ikatengenezeka, hukuingia tena. Nilikuwa nafungua ile skrini mchana, naandika lile neno, naikodolea macho. Haijibani. Kukupigia simu niliona aibu. Wewe una watoto na kazi, ningekuambia nini, kwamba nimekaa?

Pampu zikaanza kusimama. Ukaingia, ukahangaika, ukazirudisha. Zikasimama tena. Gitau, msimamizi wetu, akawa anasema kazi ya yule dada haishiki, na mwezi jana akakunyang'anya. Uliponipigia ulikuwa unalia, ukasema hujui ulikosea wapi, afadhali uache kompyuta ukauze nguo. Nikakuambia usijali, Mungu yupo, nikakata simu.

Kahonzi, ni mimi. Lile neno la kuzisimamisha pampu nililishika kwa kukuangalia ukiliandika. Nikaliandika mwenyewe kwenye skrini ile ile yetu, kwa jina lako lile lile unaloingilia, ndiyo maana ulipotafuta hukuona mtu mwingine. Kisha nikanawa mikono, nikakupigia, nikasema zimesimama zenyewe. Nilitaka uingie tu. Na hata Gitau alipoanza kukusema, niliendelea.

Ijumaa nilimwendea ofisini nikamweleza yote. Hakunipigia kelele. Aliniuliza kama nilikuwa nimelewa. Nikamwambia la, nilikuwa peke yangu. Amesema atakupigia, kazi ni yako ukiitaka, ila mimi nitoke hapa mwisho wa mwezi. Nitakwenda Jilore kwa mama.

Asipokupigia, mwonyeshe barua hii. Kila ulichotengeneza kilitengenezeka. Usiache kazi, mdogo wangu, hukukosea popote.

Sikuombi unisamehe leo. Wabusu watoto, mwambie mdogo mjomba anamuulizia. Na siku moyo ukikutuma, njoo Jilore unione, hata kama hakuna kilichoharibika.

Ni mimi kaka yako,
Mwaro