Wimbo Katika Saa ya Kunyamaza

Thika, 6 Februari 2025

Baba mpendwa,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Krismasi yote nilikuwa nikikaa upande wako wa kulia mezani ili nisiuone uvimbe wa shingoni. Ulidhani nafuata mwanga wa dirisha nisome. Nisamehe.

Habari za Kiuu? Unalala vizuri? Chakula kinapita? Mimi ni mzima, ila bweni lina baridi. Barua hii anakuletea Mama Ngendo wa jikoni hapa shuleni, yule anayerudi kwake Githurai 45, hapo karibu nawe, kila Ijumaa.

Nimesoma kuhusu ile picha utakayopigwa Jumanne. Mwalimu Kang'ethe wa fizikia alinipa kitabu bila kuniuliza kitu. Watakudunga sukari iliyotiwa mionzi kidogo. Seli za saratani zina ulafi wa sukari kuliko jirani zake, kwa hiyo zitaila kwa wingi, na mashine itaona mahali sukari hiyo inapong'aa. Ndiyo maana asubuhi usile kitu, hata chai. Ukishadungwa, nyamaza saa nzima. Usitafune hata peremende. Misuli ya koo ikifanya kazi, nayo hula ile sukari, na picha itaonyesha moto pasipo na moto.

Mwanao,
Viola


Kiuu, Ruiru, 16 Februari 2025

Kwa binti yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Ugali unauma nikimeza, uji unapita. Wewe je, unakula? Hayo ya kukaa upande wangu wa kulia niliyajua. Hata mimi kioo nimekigeuza kikatazama ukuta.

Picha nilipigwa. Nesi Jackie alinidunga, akanifunika blanketi, akasema, "Mzee, sasa una mionzi, hata mimi siwezi kukaa na wewe. Nyamaza kama mtu aliyekosana na bibi yake." Nikamwambia bibi yangu alishatangulia, wa kukosana naye sina. Akacheka, akaenda.

Chumba cha pili alikuwa mzee mwingine, Maluki, mtu wa Machakos. Naye alikuwa ameachwa peke yake. Akaanza kulia. "Nitafia hapa bila mtu," alikuwa akisema. Wewe wanijua. Mtu wetu akifa hapa Kiuu, kabla mwili haujasafirishwa kwetu magharibi, ni mimi huanzisha wimbo pale uani, ili watu wasilie kila mmoja kivyake. Nilivumilia labda dakika kumi. Kisha nikaimba, beti zote nne. Akatulia. Akagonga ukuta mara mbili.

Alhamisi daktari alinionyesha picha. Uvimbe wa shingo umeng'aa, huo tuliujua. Lakini koo nalo limeng'aa, pande zote mbili. Anasema huenda ugonjwa umeingia kwenye kikoromeo, pale sauti inapotoka, na kama ni hivyo watakitoa chote tarehe 12 Machi. Nitabaki mtu wa kuandika kama wewe.

Sikumwambia kuhusu wimbo. Jackie ni mtoto wa juzi kazini, watasema hakunichunga. Na wewe usimwambie mtu.

Babako,
Erastus


Thika, 17 Februari 2025

Baba,

Hujambo? Barua yako nimeisoma mara tatu, nimejifungia chooni. Huenda picha imeona wimbo, si saratani. Mwambie daktari. Jackie alikukataza, hakukosea popote. Tafadhali mwambie, kisha unijibu kwa Mama Ngendo.

Mwanao,
Viola


Thika, 6 Machi 2025

Baba,

Nakusalimu. Hali yako siijui. Jumatatu mbili Mama Ngendo amerudi bila barua. Ya kwanza alisema, "Babako anasema ataandika." Ya pili alileta mahindi ya kuchoma, yamepoa. "Nimemuuliza barua, akanipa haya." Niliyala peke yangu nyuma ya maktaba.

Tangu kidato cha kwanza sijawahi kuinua mkono darasani. Jana nilienda kwa naibu mwalimu mkuu, Bi. Wangechi, nikasimama mlangoni hadi akasema, "Wewe umetumwa ama umepotea?" Nikasema nahitaji simu.

Nilipiga namba niliyoinakili Desemba kutoka kadi yako ya kliniki. Nilipitishwa kwa watu watatu, na kila mmoja nilimweleza upya. Daktari alipopatikana nilisema, "Babangu, Erastus Wafula, aliimba baada ya kudungwa."

"Kwa muda gani?"

"Beti zote nne."

"Na nesi alikuwa wapi?"

Nikasema nesi alimkataza, na kwamba babangu alimsikia vizuri, ila kulikuwa na mtu analia.

Nikasikia akifungua faili. Kisha akasema sasa picha peke yake haitoshi. Jumatatu utachukuliwa kipande kidogo cha nyama kila upande wa koo, kipimwe, na upasuaji wa tarehe 12 utangoje majibu. Hakuahidi kitu. Alisema inaweza kuwa saratani kweli, na kwamba atakupigia mwenyewe.

Kwa hiyo nimesema ulichonikataza. Ukinikasirikia, nitaelewa.

Nilimrudishia Bi. Wangechi simu, nikamwomba ruhusa ya Jumatatu. Aliuliza nani mwingine wa kukusindikiza. Nikasema hakuna. Akatia sahihi. Nikarudi darasani katikati ya kipindi cha jiografia, nikafungua daftari, nikanakili ramani iliyokuwa ubaoni.

Mwanao,
Viola