Kitambaa cha Mai

Dada Mwende,

Leo nimeingiza mkono kwenye pochi yako, ile uliyokataa kumwuzia mtu yeyote, nikitafuta sindano. Nikatoa peremende za tangawizi. Zimebaki mbili. Nikakaa sakafuni hapo hapo. Mtu anaendaje na peremende hajamaliza? Asubuhi ulinigombeza kwa kukunja mashuka ya hoteli vibaya, adhuhuri wakaja kuniambia umeanguka kando ya mashine za kufulia, nami nikawaambia waache mzaha. Hadi sasa mlango ukilia nageuka.

Huku Doha barabara yetu imefungwa tena, wanachimba reli ya chini ya ardhi. Kitanda chako amepewa msichana wa Uganda, mpole, ila huzima feni bila kuuliza. Ijumaa, tukitoka ibadani kwenye makanisa ya Mesaimeer, akina mama bado wananiuliza pochi za Mwende ziko wapi.

Unakumbuka siku Mai, mwenzetu wa pasi, alipotuletea sketi kuukuu za nyanya yake kutoka milimani kwao, zimetiwa nili, zina mistari myeupe iliyochorwa kwa nta? Ulichomoa uzi ukausokota pajani kama unaanza kiondo, ukasema huu ni mkonge, hawa Wahmong, kabila la kina Mai, ni Wakamba waliopotea. Mai akacheka, akasema si mkonge, ni jamii ya bangi. Wewe! Uliirusha sketi hadi kwenye ndoo. Ati tufungwe Doha kwa sababu ya sketi! Mai alihangaika sana kukuaminisha kwamba nguo haivutwi. Ndipo ukashika mkasi, pochi zikaanza.

Sasa sikiliza kilichoniacha mdomo wazi. Tulipokuandaa kwa safari ya nyumbani, Mai alikuja na kitambaa kipya cha namna ile ile, akaomba ufunikwe nacho. Nikadhani ni heshima tu, kama sisi tungetoa leso. Nikakufunika mwenyewe, ndege ikakubeba. Jana nikamwuliza kama anaweza kutuagizia kingine, nimalizie oda zako. Akanieleza polepole, kwa kile Kiarabu chetu cha kazini, kwamba kile alifumiwa na mama yake, akivae siku atakapokufa. Kwao, anayezikwa bila nguo ya mmea ule, wazee waliotangulia hawamtambui. Na mama yake haoni tena, hafumi.

Nikamwuliza, na wewe je?

"Mwende ameondoka kwanza," akasema, akarudi kwenye pasi yake.

Ningekuwa nacho ningemrudishia. Lakini unacho wewe, chini ya udongo wa Kitui. Kwa hiyo nimeanza kufumua pochi zote ulizoacha. Zipu naweka kando, vipande naviunga kwa ule mshono wako mdogo mdogo ulionifunza hadi nikalia. Akina mama wa Mesaimeer watanisamehe. Hata pochi yako nitaifumua, ila iwe ya mwisho kabisa. Nipe muda, dada, bado ina harufu yako.

Peremende moja nimekula. Lala salama. Na wazee wa Mai wakikujia huko wakidhani wewe ni wao, usiwakimbie. Wasalimie, uwaambie binti yao bado yuko Doha anapiga pasi, na nguo yake nitaimaliza mimi.

Mdogo wako,
Nafula