Kikombe Changu Kimoja

Kambini Kasulo, Ngara
Machi 1995

Mama mkwe, shikamoo.

Huku mvua imeanza, na mwanao anapalilia shamba la Francisca, mwenyeji wetu. Onyo lako kutoka Biharamulo limenifikia: niache kahawa, nisije nikaipoteza mimba hii kama ile ya kwanza. Nesi amesema kikombe kimoja kwa siku hakidhuru. Nakunywa hicho kimoja, tena mbele ya watu.

Ile ya kwanza usiisingizie kahawa. Ilitoka njiani tukikimbia vita, nikiwa nimebeba gunia lako la maharage kichwani. Nilikuambia tumbo linaniuma. Ukasema tutapumzika tukishavuka mto.

Mtoto akizaliwa, njoo umwone. Gunia utabeba mwenyewe.

Mkweo,
Nimpaye