Moto wa Kambere

Beni, 14 Septemba 2025

Binti yangu Jokébed,

Kosa ambalo watu wengi hufanya ni kusafisha shemine, meko ya ukutani yenye bomba la moshi, kwa moto. Naliweka mbele ya salamu kwa sababu jana Jumaine, alipopita hapa na kamyo yake ya mizigo, alinieleza kwamba moshi unarudi ndani ya nyumba yenu, na kwamba wewe unataka kuwasha majani makavu ya mahindi ili mwali mkubwa utoboe njia. Usifanye hivyo. Masizi yaliyoganda ndani ya bomba la moshi ni kuni iliyolala. Ukiyapelekea mwali yatawaka yenyewe, na matofali hayavumilii joto la namna ile.

Sasa nikusalimu. Mimi na mama mukubwa wako tuko. Mguu wangu wa kushoto bado unanikatalia tangu nilipoanguka. Ndio ulionizuia kufika kumzika baba yako, mudogo wangu Kambere, mwezi wa nane. Mama yako Berthe anaendeleaje? Anakula?

Nimefundisha fizikia karibu maisha yangu yote, kwa hiyo univumilie. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda. Ikikuta njia imebanwa, inarudi ilikotoka. Kuni ikiwa mbichi, moshi wake hubeba maji na utomvu. Ukifika juu, penye baridi yenu ya Butembo, unaganda ukutani, mweusi, unaong'aa kama lami. Kila siku inaongezeka ngozi nyingine juu ya ile ya jana, mpaka bomba lote linakuwa koo lenye uvimbe.

Dawa yake ni ya kawaida. Moto uachwe ufe, shemine ipoe kabisa. Weka kioo pale chini, ukitazame: ukiona mbingu pana, njia iko wazi. Kama si hivyo, mwite Kitsa, yule fundi mwashi jirani yenu, apande juu ya nyumba na brashi ya waya iliyofungwa kwenye kamba, na jiwe la kuivuta chini. Ashushe na kupandisha mpaka tofali lionekane rangi yake. Wewe ziba mdomo wa shemine kwa gunia bichi, ujifunge kitambaa puani.

Nijibu hili kabla ya mengine yote: je, mama yako huumwa kichwa akikaa ndani, kisha akapona akitoka nje?

Baba mukubwa wako,
Zorobabel


Butembo, 20 Septemba 2025

Baba mukubwa,

Jambo sana. Siye huku tuko, tunasukuma. Muguu upakwe ile mafuta nilimupa Jumaine, hapana kuiweka tu kwa dirisha.

Majani ya mahindi nimepa mbuzi. Kwa kichwa, ndiyo. Mama anaamuka nacho, anaenda misa amekishika na mukono, anarudi kimepona. Yeye anasema ni misa njo inamuponyesha. Kisha anakaa tena kwa moto, kichwa kinarudi.

Mais lakini kuacha moto ife, pale njo kuko kazi. Unajua vile iko kwetu: moto ya kilio haizimwe mpaka mukubwa wa familia akuje kuondoa kilio. Moto ya Baba ilikuwa inje, batu banaiota. Mvua ilipoanza, Mama alibeba makaa yake na beleshi, akayaingiza mu shemine. Toka siku ile haijakufa. Kila mangaribi anaifunika na majivu, anaweka kigogo kibichi cha mikaratusi, sababu kibichi kinakawia kuisha.

Nilimusomea barua yako yote. Alisikiliza muzuri, mikono kwa magoti, kisha akasema:

— Mwalimu anaandika muzuri. Umuambie moshi haikusoma.

— Mama, iyi moshi itakuua.

— Hapana gusa iyo moto. Ni ya Kambere. Mwenye kuizima iko Beni.

Kioo nilikiweka pembeni, moto ikiwa kidogo. Mbingu niliiona. Ni sawa kifungo cha shati.

Donc basi, Baba mukubwa, unakuja siku gani?

Binti yako,
Jokébed


Beni, 27 Septemba 2025

Binti yangu Jokébed,

Nimefurahi kusikia munasukuma. Mafuta nayapaka, mama mukubwa wako ananisimamia kama mwanafunzi mtoro.

Kichwa kile hakiponi kwa misa. Kinapona kwa hewa ya njiani, kwenda na kurudi. Moto unaofunikwa haupumui vizuri, na moto usiopumua vizuri hutoa sumu isiyo na harufu wala rangi. Moshi utakufanya ukohoe na ukimbie. Sumu ile haikuambii kitu. Inakupa usingizi tu, na usingizi wenyewe ndio mwisho.

Kwa hiyo, hata kama moto bado upo, mama yako asilale tena katika chumba kinachopakana na shemine. Mhamishe, umwambie paa la pale linavuja, au umwambie ukweli, vyovyote utakavyoweza. Mlango na dirisha la sebule vikae wazi. Mikaratusi mibichi muiache. Tafuta kuni iliyopasuliwa na kukaa pakavu mwaka mzima. Ukigonga vipande viwili, vinalia kama mbao za ngoma, na mbichi inanung'unika tu. Moto uwe mdogo, wenye mwali, usifunikwe. Haya yote yanapunguza hatari, lakini hayaiondoi.

Kitsa atakapopata nafasi ya kupanda, aweke pia wavu wa waya juu ya bomba. Nadhani ndege wamejenga humo.

Kuhusu safari, daktari anataka nisubiri bado. Jumaine naye anasema njia si ya kupita mtu mwenye mguu mmoja. Nitakuja nikiweza. Mwambie Berthe anivumilie.

Baba mukubwa wako,
Zorobabel


Butembo, 26 Oktoba 2025

Baba mukubwa,

Tuko bazima bote. Nimeanza na ile ili usome polepole.

Siku ya yenga, jumapili iliyopita, tukitoka misa, tukiwa kwa meza, shemine ilinguruma. Nilifikiri ni kamyo ya Jumaine inapanda mulima. Kisha nikaona meza inatetemeka, na inje batoto banapiga makelele: "Nyumba inatapika moto!" Cheche zilikuwa zinaanguka kwa manjanja, ile mabati ya nyumba ya jirani, sawa mvua.

Nilimukamata Mama kwa mukono. Akageuka anatafuta picha ya Baba kwa ukuta. Nikamukokota. Alinitukana mbele ya batu bote, hata matusi sikujua anayajua.

Kitsa alikuja na janja moja ya bati, tukaziba mudomo wa shemine, tukalundika muchanga mubichi. Mutu moja akafika na ndoo ya maji. Nikamukatalia:

— Hapana mwanga maji! Tofali itapasuka!

— Ee, mwalimu wa Beni amezaa mwengine!

Batu bakacheka, na moto iko inanguruma. Ilikawia kunyamaza. Jirani alipanda juu na matawi mabichi akapiga cheche mupaka zikaisha.

Kesho yake niliingia mu chumba ya zamani ya Mama. Ukuta umepasuka toka chini mupaka juu, mukono unaingia. Mukeka ulikuwa umetundikwa pale umeungua, na kitanda iko chini yake. Mama hakuwa analala pale tena, sababu ya barua yako. Alikasirika kwa ile paa inavuja ya uongo, mais alihama.

Sasa sikia ingine. Tulipotoa janja na muchanga, chini ya majivu kulibakia kaa moja, nyekundu. Mama akapiga magoti, akapuliza.

— Umeona? Hata yeye anakataa kwenda.

Alikuwa analia, Baba mukubwa. Hajalia toka maziko.

Kitsa anasema ukuta haitavumilia mara ya pili. Ningeweza kumwanga maji kwa moto Mama akienda kwa soko, mais hatanisamehe, na mimi pia sitajisamehe. Barua zako zinafundisha muzuri sana. Mama hangoje kufundishwa. Anakungoja wewe.

Binti yako,
Jokébed


Beni, 28 Oktoba 2025

Binti yangu Jokébed,

Kuanzia mstari unaofuata, msomee mama yako.

Shemeji yangu Berthe, salamu. Pole kwa yote. Leo sikuelezi moshi.

Mguu hautanifikisha kwako mwaka huu, na kilio hakiwezi kuningoja mimi ndani ya nyumba iliyopasuka. Kwa hiyo jana niliwaita wa familia walio hapa Beni. Tuliwasha moto uani kwa jina la Kambere, tukasali, kila mtu akasema lake. Mimi nilisema kwamba mudogo wangu alijenga shemine moja tu maishani mwake, tena kwa matofali ya kuchoma mwenyewe, kwa sababu mke wake alitoka kwenye joto la Kalunguta na baridi ya Butembo ilikuwa inamliza. Watu walicheka. Tulikaa mpaka moto ukaisha, hakuna aliyeongeza kitu. Nikagusa majivu kwa mkono wangu, yalikuwa baridi. Mimi, mukubwa wa familia, nimeondoa kilio cha Kambere.

Majivu hayo Jumaine atakupa mkononi, yamefungwa katika kitambaa cha mama mukubwa. Usiyamwage juu ya kaa lenu. Majivu huhifadhi moto, unalijua hilo kuliko mimi. Liache kaa wazi, ukae karibu nalo, dirisha likiwa wazi. Litakapopoa, changanya majivu yetu na yenu, uyazike penye shina la mgomba alioupanda Kambere.

Jokébed, sasa ni wewe. Kitsa na brashi, ukuta kujengwa upya, wavu juu, kuni kavu: hayo unayajua tayari, na ni kazi ya wiki ijayo. Baba mukubwa wako, Zorobabel, anakuomba moja tu.

Leo, msiongeze ukuni.